Navaa namba yangu, mbona kiatu kinabana? Jibu la aliyeuza viatu miaka sita

Mleta mada kauliza hivi: anavaa namba 40 miaka yote, lakini kila kiatu kipya kinambana vidole kabla saa mbili hazijaisha. Anataka kujua kama ahamie kwenye "viatu vya wazee" apate raha, au abaki na viatu vyake vyeusi vya ofisini vyenye ncha na avumilie. Naona wengi mmemwambia avumilie, kitaachia. Mimi napinga. Nimeuza viatu dukani miaka sita, na kabla ya hapo niliiumiza miguu yangu mwenyewe kwa ubishi tu.

Nianze na huo ubishi. Nilipokuwa na miaka 18 muuzaji mmoja aliniangalia miguu kwa macho akasema, "Wewe ni 42." Tangu siku hiyo 42 ikawa kama jina langu la ukoo. Nikiingia dukani naagiza 42, nikitumiwa zawadi ni 42, kiatu kikibana nalaumu kiatu. Kucha ya gumba la kulia ilikuwa nyeusi kwa miaka, nikajua ndivyo nilivyoumbwa. Baadaye nikaajiriwa kuuza viatu. Wiki ya kwanza, mzee aliyekuwa ananifundisha kazi akanivua viatu, akanisimamisha kwenye bamba la kupimia. Mguu wa kushoto sentimita 27.1, wa kulia 27.4.

"Unavaa ngapi, kijana?"

"Arobaini na mbili, mzee."

"Nani kakwambia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 29.

Ile namba ya Ulaya tunayoitaja kila siku haipimi mguu. Inapima kalibu, yaani lile umbo la mti au plastiki ambalo kiatu hushonewa juu yake. Kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo 42 ni sentimita 28 za kalibu. Mguu wangu wa kulia ni 27.4, maana yake mbele ya gumba nilibakiwa na milimita 6. Kiatu cha kufunga kinataka kama sentimita moja au zaidi kidogo mbele ya kidole kirefu, kwa sababu mguu ukibeba uzito unarefuka, na kila hatua unasogea mbele kidogo. Namba 43 ingenipa milimita 12 na ushee. Milimita 6 ndizo zilizoniua kucha miaka kumi na moja.

Sasa mleta mada, namba 40 yako ni sentimita 26.7 za kalibu. Ukitoa sentimita moja ya nafasi, mguu unaotosha humo hauzidi 25.7. Jipime leo, lakini jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichochaguliwa asubuhi kinaweza kukugeuka saa kumi. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama kwa miguu yote miwili (ukikaa unajidanganya), umwombe mtu achore penseli ikiwa wima. Pima yote miwili. Kwa watu wengi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, na mkubwa ndiye mwenye haki ya kuchagua. Mdogo utaongezewa soli ya ndani.

Kwa wanaouliza kwa nini jedwali za kubadilisha namba kila moja inasema lake: Waingereza hupiga hatua ya theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5, na Wazungu wa bara hupiga milimita 6.7. Ngazi mbili zenye vipandio tofauti haziwezi kukutana kila kipandio, kwa hiyo kila kiwanda kinakadiria kivyake. Upo mfumo wa tatu unaotaja urefu wa mguu wenyewe kwa milimita, unatumika sana kwenye buti za jeshi na za kuteleza kwenye theluji. Laiti viatu vyote vingeandikwa hivyo, mimi ningekosa la kuandika hapa.

Lakini urefu ni nusu ya habari. Kati ya wateja waliorudisha viatu kwangu, wengi hawakuwa na tatizo la urefu hata kidogo. Walikuwa na miguu mipana, wakakimbilia namba kubwa zaidi wapate upana. Matokeo yake kiatu kinapwaya kisigino, mguu unateleza mbele, vidole vinagonga palepale walipokuwa wanapakimbia, na nyuma kunachubuka. Mtu anatoka dukani na namba mbili juu ya yake, bado anachechemea. Alichohitaji ni upana. Viatu vinavyotengenezwa kwa upana zaidi ya mmoja vipo, huandikwa herufi. Kwa mfumo wa Marekani upana wa kawaida wa wanaume ni D na wa wanawake ni B, ndiyo maana dada mwenye mguu mpana mara nyingi hupata nafuu kwenye raba za kiume. Nimewauzia wengi, na hakuna aliyewahi kuulizwa barabarani.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji wenyewe wengi hawalijui. Miaka ya 1920 Charles Brannock wa Syracuse, Marekani, alibuni lile bamba la chuma lenye visukuma ambalo nilisimamishwa juu yake. Ukiliangalia vizuri linapima vitu vitatu: kisigino hadi ncha ya kidole, upana, na kisigino hadi kwenye kifundo cha gumba, pale mguu unapokunjika. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Watu wawili wanaweza kuwa na miguu ya urefu uleule, mmoja ana vidole virefu, mwingine vifupi. Mwenye vidole vifupi mguu wake unakunjikia mbele zaidi, na kiatu cha namba "yake" kinakunjikia nyuma ya pale. Kila hatua kiatu na mguu vinabishana. Huyu anaweza kuhitaji namba kubwa kuliko urefu wake unavyosema. Ukikunja kiatu kwa mikono, kinapaswa kukunjika pale penye upana mkubwa. Kikikunjika katikati kama daftari, kirudishe kwenye rafu.

Hivi mnajua kuna wakati maduka ya viatu Marekani na Ulaya yalikuwa na mashine za eksirei? Kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950 mteja alikuwa anaingiza miguu kwenye sanduku na kutazama mifupa yake ndani ya kiatu. Ziliachwa kwa sababu ya mionzi. Mie nikisikia hilo hucheka, maana mfupa unaonekana, nyama inayobanwa haionekani. Mteja alikuwa na jibu bure mguuni mwake.

Na hapo ndipo tabia zetu zinaponishangaza. Miaka sita nimeangalia watu wakinunua. Wanaume wengi hujaribu mguu mmoja, tena wamekaa, wanasema "sawa, funga." Wanawake wengi hujaribu yote miwili, lakini macho yako kwenye kioo muda wote. Wote wawili hawatembei. Nilikuwa nawaomba wazunguke duka mara tatu, wengine waliona nawachelewesha. Wapo waliokuja na soksi nyembamba kununua kiatu cha kuvaa na soksi nene. Wapo waliotaja namba kwa sauti ya chini kama wanaungama dhambi, hasa dada zetu wa 42 na 43, nikiwaletea kubwa zaidi wanaona nimewatukana. Nikajifunza kuleta maboksi mawili bila kutaja namba, niseme tu, "Jaribu na hiki." Mara nyingi walichagua kikubwa wenyewe.

Lile neno "kitaachia" nimelisema mwenyewe nikiwa mgeni kazini, na nalijutia. Ngozi halisi inaachia upana kidogo, ndiyo, hasa ikiwa laini. Urefu hauongezeki. Na kiatu cha plastiki au ngozi ya bandia kinajivuta unapokivaa halafu usiku kinarudi kilipokuwa, kesho mnaanza upya. Kama kinabana vidole dukani, kitabana vidole nyumbani. Kinachoruhusiwa kuwa kigumu siku ya kwanza ni soli, na kidogo pale kinapokumbatia mgongo wa mguu.

Kinyume chake kuna mtego wa ulaini. Ukiingiza mguu kwenye kiatu chenye povu nene unahisi umekanyaga mto, unalipa haraka haraka. Povu laini sana hulala baada ya wiki chache, na mguu unabaki unayumba. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino, ikiwa inalegea kama kitambaa, huo ulaini wa ndani hautakusaidia ukisimama siku nzima.

Kuhusu urembo, sikubaliani na waliosema mtu achague moja. Ncha ya kiatu haina kosa, inategemea inaanzia wapi. Kiatu chenye ncha kilichotengenezwa kwa akili kinaanza kuchongoka baada ya vidole kwisha, kwa hiyo ni kirefu na mbele kuna nafasi tupu ambayo ni ya macho tu. Kiatu kibovu kinaanza kuchongoka kwenye kidole kidogo. Namna ya kujua ni rahisi: toa soli ya ndani, iweke sakafuni, isimamie bila soksi. Nyama ikimwagika pembeni, hicho kiatu hakijatengenezewa mguu wako, hata kama namba ni sahihi. Ndani ya dakika moja mleta mada atajua kama viatu vyake vyeusi vina kosa la urefu au la ncha.

Mchuchumio ni kesi nyingine. Pale uzito unahamia mbele na mguu unateleza kama uko mteremkoni, kwa hiyo kuongeza namba kunazidisha kuteleza. Dawa yake ni mkanda unaoshika mgongo wa mguu, kisigino kipana kuliko kile cha msumari, na mbele palipozunguka. Nilikuwa na mteja aliyefundisha darasani siku nzima na visigino vya sentimita tisa. Tulimshusha hadi tano zenye mkanda. Alirudi kununua jozi ya pili ya rangi nyingine, na kwa muuzaji hiyo ni sifa kuliko maneno.

Watoto nitawataja kifupi. Mzazi anabonyeza ncha kwa dole gumba, na mtoto akihisi kubonyezwa anakunja vidole, mzazi anaona nafasi ipo. Chora mguu wake, kata karatasi, iingize ndani ya kiatu. Usimsubiri alalamike, kwa sababu mguu wake bado ni laini na unakubali kubanwa bila kelele. Na wenye kisukari, hasa waliopoteza hisia miguuni, kwenu "nakisikia vizuri" si kipimo. Pimeni kwa karatasi, pitisheni mkono ndani kabla ya kuvaa, na daktari aiangalie miguu.

Kabla hujatupa kiatu kinachochubua kisigino, jaribu kamba. Yale matundu mawili ya juu kabisa kwenye raba, ambayo wengi huyaacha wazi, yana kazi. Pitisha kamba kwenye tundu la juu upande uleule ubaki kitanzi kidogo, kisha pitisha kamba ya upande wa pili kwenye kitanzi hicho, vuta, funga. Kisigino kinatulia na vidole vinabaki huru. Nimeokoa jozi nyingi hivyo, na bosi hakufurahi.

Moja la mwisho kwa wale wa "hiki nakiweka, nitakivaa siku maalumu." Soli nyingi za starehe zimetengenezwa kwa poliurethani, ambayo unyevu wa hewa unaila polepole hata kikiwa ndani ya boksi. Rafiki yangu alihifadhi viatu vyake vizuri miaka saba, akavivaa kwenye harusi ya mdogo wake, soli ikaanza kumeguka kama keki kavu kabla bwana harusi hajafika. Alicheza muziki na soksi. Kivae.

Mleta mada, rudi hapa na namba tatu: urefu wa mguu mrefu, upana wake pale penye kifundo cha gumba, na upana wa soli ya ndani ya vile viatu vyeusi palepale. Sema pia kama nyama imemwagika upande wa gumba au wa kidole kidogo, maana kila upande una kiatu chake.