Shavu moja limetuna kuliko lingine: plastiki ya usiku itasaidia?

Mkuu, umeuliza kama ile plastiki ngumu wanayopewa wasaga meno usingizini itarudisha shavu lako lililotuna upande mmoja. Mimi nina mwaka wa tatu nayo.

Weka vidole kwenye mashavu yote mawili, karibu na pembe ya taya, kisha ng'ata. Kinachotuna hapo ni msuli wa kutafunia. Panda kwenye panja, utasikia mwingine unacheza. Wangu wa kulia ulikuwa mgumu kama kokwa la embe, naamka panja linagonga, na mke wangu analalamika nyumba ina kinu. Sababu? Niling'oa magego mawili ya kushoto, nikapuuza meno ya bandia, nikatafunia kulia miaka.

Nilipopewa plastiki (ya akriliki, inavaliwa meno ya juu) nikadhani kazi imeisha. Daktari akaniwekea karatasi ya rangi, akasema ng'ata. Kulia alama tatu nzito, kushoto patupu! Akachonga, nikang'ata, akachonga tena, vumbi mdomoni karibu nusu saa, mpaka vidoa vikaenea pande zote. Plastiki isiyochongwa hivyo inahamisha tu mzigo. Na misuli ikilegea taya nayo husogea kidogo, kwa hiyo vile vidoa havikai. Mimi nilirudi mara 3.

Wiki za mwanzo nililala kama mtoto. Baadaye nikaona mikwaruzo juu ya plastiki: bado nasaga, ila sasa inalika yenyewe badala ya meno. Shavu lenyewe lilianza kupungua nilipoweka meno ya bandia kushoto na kuacha kubana taya mchana. Kwenye foleni ya magari nilikuwa najikuta nimeuma meno kama nagombana na mtu.

Zile laini za dukani za kuchovya maji ya moto nilijaribu, nikawa nazitafuna kama bigijii. Za kufunika meno machache usivae muda mrefu, yaliyoachwa wazi huweza kuchomoza. Na yako usiioshe kwa maji ya moto, itapinda.

Ila kama uking'ata ule uvimbe haukazi chini ya kidole, huenda si msuli, ni tezi ya mate. Hapo kapimwe kwanza, plastiki isubiri.