Gari Lako: Likivuka laki moja, thamani imekwenda?

SWALI: Nimeonyeshwa Toyota IST mbili, zote za mwaka 2005, cc 1490. Moja iko yadi, imetoka Japani juzi na haijasajiliwa bado. Mita yake inasoma kilometa 68,000 na bei ni milioni 13.5. Ya pili ni ya mtu, namba D, kilometa 148,000, anataka milioni 10.8. Dalali anasema hii ya pili "imeshavuka laki, imechoka", na nikitaka kuiuza baadaye hakuna atakayeigusa. Ni kweli kilometa zinashusha bei kiasi hicho?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Zinashusha, ila siyo kwa namna anayoieleza dalali, na kwa gari la umri huu si jambo la kwanza.

Mnunuzi wa Tanzania huanza na herufi ya kwenye namba. IST ya 2005 yenye namba E inauzika kwa bei nzuri kuliko ya 2007 yenye namba C, ingawa herufi hiyo inaeleza tu lini gari lilisajiliwa hapa nchini. Haielezi lini lilitengenezwa wala limetembea kiasi gani. Baada ya namba anaangalia bodi, kama limewahi kupigwa, kama AC inapoza, na kama injini ina sauti safi. Mita anaisoma akiwa tayari ameketi ndani, na mara nyingi anaitumia kuomba punguzo tu.

Kuna sababu nyingine ambayo madalali hawaitaji. TRA, mamlaka ya mapato, hawaulizi mita. Kodi ya gari lililotumika inakokotolewa kwa aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, pamoja na tozo ya uchakavu inayofuata umri. IST mbili za mwaka mmoja na injini moja zinalipa sawa bandarini, moja iwe na kilometa 60,000 na nyingine 160,000. Tofauti yao inatoka kwenye bei ya kununulia Japani peke yake. Meli na kodi ni zilezile. Kwa hiyo pengo kubwa la bei hapa Dar lililojengwa juu ya kilometa pekee ni faida ya muuzaji.

Hiyo "laki" yenyewe ni desturi ya Wajapani. Kwao gari la kawaida hutembea chini ya kilometa 10,000 kwa mwaka, na kila baada ya miaka 2 kuna ukaguzi wa lazima, shaken, ambao ni ghali. Tena enzi za mkanda wa taiming, ule unaoendesha valvu za injini kwa mpangilio, kilometa 100,000 ndipo mkanda ulipobadilishwa. Mjapani akifika hapo anaona afadhali auze, na bei mnadani huporomoka mara moja. Ndiyo maana kuna kishawishi cha kulirudisha gari la 112,000 hadi 68,000.

Injini ya IST ya cc 1490 ni 1NZ-FE. Haina mkanda wa taiming, ina cheni. Ikimwagwa oili kila kilometa 5,000 si ajabu ivuke 300,000 bila kufunguliwa. 148,000 kwake ni utu uzima, siyo uzee.

Na kilometa hazifanani. Gari lililotembea kilometa 100,000 barabara kuu kwa wastani wa 80 kwa saa, injini yake imefanya kazi saa 1,250. Lililotambaa foleni za Dar kwa wastani wa 20 kwa saa limefanya saa 5,000 kwa kilometa zilezile, AC ikiwa imewashwa na feni haipumziki. Muulize mwenye gari la pili lilikuwa linakwenda wapi kila siku. Ni swali la maana kuliko mita.

Sasa hiyo 68,000. Gari la 2005 kuwa na kilometa hizo maana yake ni wastani wa 3,400 au zaidi kidogo kwa mwaka. Inawezekana, wazee wa Japani wana magari ya kwendea sokoni tu. Lakini ithibitishwe kwa karatasi. Mita za dijitali huhifadhi namba kwenye chipu ndogo ndani ya dashibodi, na mwenye kifaa anaichakachua kwa dakika chache bila kuacha alama ya bisibisi. Kwa hiyo omba cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje. Humo huandikwa usomaji wa mita wa wakati wa ukaguzi. Tarehe zikiwa za Kijapani, zinazohesabiwa kwa enzi za wafalme wao, mwaka wa Heisei ongeza 1988, wa Reiwa ongeza 2018. Heisei 30 ni 2018, Reiwa 3 ni 2021. Kama cheti kinaonyesha 104,000 mwaka wa Heisei 28 na mita leo ni 68,000, huna haja ya fundi. Omba pia karatasi ya mnada. Isipopatikana, uliza kwa nini, maana gari la mnadani huwa nayo.

Halafu soma gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo, kisha chini ya boneti: gereji za Japani hubandika stika za kumwaga oili zenye tarehe na kilometa. Hata usipojua Kijapani, tarakimu ni zetu sote. Walioichezea mita husahau stika. Vuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho, linganisha ukingo wake na wa nyuma. Ukiwa na manyoya wakati wa nyuma bado ni mpya, kazi imefanyika. Tazama mpira wa pedali ya breki. Ukiwa umelika upande mmoja ni kilometa nyingi, na ukiwa mpya kabisa kwenye gari la 2005 jiulize aliubadilisha nani na kwa nini. Pitisha kucha kwenye ukingo wa diski za mbele: diski asilia iliyotembea 68,000 haipaswi kuwa na tuta kubwa.

Mwenye mashine ya kupimia achomeke kwenye soketi ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari) asome umbali tangu hitilafu zilipofutwa mara ya mwisho. Namba hiyo ikizidi ya mita, mita imerudishwa. Ikiwa ndogo haithibitishi chochote, kwa kuwa kufuta hitilafu, na kwa magari mengi hata kuchomoa betri tu, kunaianzisha upya.

Kwa gari la 148,000, lipia kupimwa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Betri iwe na chaji, injini iwe ya moto. Fundi atoe plagi zote nne, achomoe soketi za koili na nozeli, akanyage mafuta hadi chini, apige stata mizunguko 5 hadi 8 kwa kila silinda. 1NZ-FE nzima inatoa psi (kipimo cha shinikizo) 213 hivi. Kiwango cha chini ni 156, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 14. (Mafundi wa Mbeya na Njombe wasishtuke: hewa ya juu ni nyepesi, silinda zote zitashuka pamoja kwa karibu sehemu ya tano. Huko tazama kupishana.) Silinda moja ikiwa chini, itie vijiko viwili vya chai vya oili, upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo lipo kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi.

Vuta kijiti cha gia boksi. Oili ya gia inapaswa kuwa nyekundu, hata ikififia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, punguza bei kwa kiasi cha gia boksi nzima au ondoka. Ikiwa imefifia tu, imwagwe ile inayotoka yenyewe, lita 3 hivi, irudishwe oili ya gia ya Toyota aina ya T-IV kiasi hichohicho. Usikubali oili yote isukumwe kwa mashine kwenye gia boksi isiyo na historia.

Mwisho, piga hesabu ya vitu ambavyo kwa kilometa hizo vimefika zamu: shokapu, bushi za kontroo amu, stabilaiza linki, beringi za mbele, maunting za injini, pampu ya maji. Visivyobadilishwa viondoe kwenye bei kwa bei ya dukani pamoja na ufundi. Hiyo ndiyo njia ya haki ya kukata thamani kwa kilometa.

Yadi wasipotoa cheti, ihesabu ile 68,000 kuwa gari lisilojulikana limetembea kiasi gani, na usiilipie shilingi ya ziada kwa ajili ya mita. Hapo sisi tungechukua ile ya namba D, kompresheni ikiwa nzuri. Milioni 2.7 zinazobaki zinamaliza orodha yote hapo juu na chenji inabaki.

SWALI: Niko na Probox ya 2015, kilometa 236,000, nataka kuuza. Rafiki anasema mita ipunguzwe hadi 98,000, eti bila hivyo nitapewa bei ya kutupa. Nifanye nini ili ipate bei nzuri?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Usiguse mita. Kwanza ni ulaghai. Pili utashikwa: kila gari linapothaminiwa kwa ajili ya bima kubwa au mkopo, mthamini huandika mita na tarehe, na rekodi ya kuingizwa nchini ipo. Mnunuzi anayekopa benki ataletewa mthamini, na ripoti mbili zikigongana umepoteza mnunuzi.

Tatu, hakuna haja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo la 2015 halina mshindani mpya kutoka melini; linashindana na Probox zenzake zilizomo nchini, na nyingi kati ya hizo ni za kazi. Anayetafuta Probox ni mtu wa mzigo au wa abiria. Anajua 98,000 kwenye Probox ya 2015 ni hadithi. Ukimwambia 236,000 na kumwekea risiti za oili mezani, mnazungumza lugha moja.

Kinacholipa kabla ya kuuza ni vitu vidogo vinavyosikika na kuonekana kwenye jaribio la dakika 10: stabilaiza linki zinazogonga, shokapu inayovuja, taa za mbele zilizopauka, taa ya cheki injini. Mwaga oili pamoja na filta, na bakiza risiti. Kama gari lako ni la CVT (gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua), hakikisha kuna oili ya CVT iliyotajwa na Toyota. Aliyewahi kutia ATF ya kawaida, oili ya gia boksi nyingine za otomatiki, amefanya mkanda wa ndani uteleze, na mnunuzi ataisikia injini ikipanda sauti bila gari kwenda.

Usifungue injini ili upate bei. Pesa hiyo hairudi. Usipige rangi gari zima, maana mnunuzi atadhani lilipinduka. Na usioshe injini asubuhi ya kuuza wala usiiwashe kabla hajafika: mwache ashike boneti ya baridi na asikie mwenyewe cheni ikianza. Cheni ikipiga kelele sekunde chache kila asubuhi, mwambie kabla hajauliza na mkate bei hapo. Ukweli huo mmoja unamfanya aamini na yale mengine.

Gari likila oili zaidi ya nusu lita kwa kilometa 1,000, hilo pia liseme. Litagundulika ndani ya wiki mbili.

SWALI: Land Rover Discovery iliyotoka Uingereza inasoma 90,000. Kwa umri wake naona ni chache sana. Niamini?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Hizo ni maili. Zidisha kwa 1.609, unapata kilometa 144,810. Wauzaji wengi wa magari ya Uingereza wanaandika namba bila kipimo na kukuacha ujidanganye. Uzuri wa Uingereza ni kwamba ukaguzi wa mwaka, MOT, huandika mita, na historia yake inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao kwa kutumia namba ya gari ya kule. Omba namba hiyo. Soma maili za mwaka hadi mwaka. Zinapaswa kupanda tu. Pitia pia kasoro zilizoandikwa, hasa kutu ya chesesi, kwa kuwa barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi na hilo litakugharimu kuliko maili.

SWALI: Nimebadilisha injini ya Noah yangu, nimefunga iliyotoka Japani. Naweza kutangaza kuwa ina kilometa chache?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Hapana. Kilometa ni za gari zima. Gia boksi, bodi na nyaya hazijabadilika. Tangaza kilometa za mita, kisha useme injini ilibadilishwa lini na kwa mita kiasi gani, ukionyesha risiti. Kabla ya hapo nenda TRA namba mpya ya injini iingizwe kwenye kadi. Gari lenye injini isiyolingana na kadi linakwama kwenye uhamisho wa umiliki, na mnunuzi makini atainama na tochi kusoma namba hiyo kwenye bloku kabla hajatoa hela.