Jibu: Bia ya kumbukumbu isiishie kwenye lebo

Ndugu, umeuliza kama kiwanda kidogo kinachotaka kumuenzi mtu wa kale kwa bia ya eli (ale, aina ya bia ya jadi ya Uingereza) kinahitaji mapishi mapya, au kubadili lebo kunatosha. Kwangu, lebo peke yake ni kumkosea heshima marehemu. Anzeni na meza yake: enzi zake watu walikunywa nini?

Mfano ninaoupenda ni George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani. Katika daftari lake la 1757 aliandika namna ya kupika bia nyepesi: pumba na hopsi (maua machungu ya kuungia bia) kwa kiasi upendacho, zichemshwe kwa muda wa saa 3, zichujwe zipatikane galoni 30, kisha zitiwe galoni 3 za molasi (sharubati nzito ya miwa) bia ikingali ya moto. Hayo ni mapishi kamili, na yanatoka kwa mwenyewe.

Suala la hopsi lichunguzeni sana. Eli ya zamani ya Uingereza haikuwa nazo. Zilianza kuzoeleka huko karne ya 15. Ukimuenzi mfalme Mwingereza wa karne ya 12 kwa bia iliyojaa hopsi, umekosea kabisa. Lakini Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani aliyefariki 1179, anastahili hopsi, maana yeye mwenyewe aliandika kwamba huzuia vinywaji kuharibika.

Hamira iwe ya eli, inayochachusha vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 24 za Selsiasi. Na kama mnayemuenzi ana wazao walio hai, waombeni ruhusa kabla ya kuchapa jina.