Betri ya pili ya nini? Passau hadi Vienna kwa baiskeli ya umeme

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi na mume wangu tunaishi Nürnberg, mimi nina miaka 58, yeye 63. Mwezi wa sita tunataka kuendesha baiskeli zetu za umeme kufuata mto Danube kutoka Passau hadi Vienna kwa siku sita, na tutalala Schlögen, Linz, Grein, Melk na Krems. Betri yangu inabeba umeme wa wati-saa 500, ina miaka miwili. Ya mume wangu ni ya 400, ina miaka sita, na yeye ni mzito kuliko mimi. Dukani wametuambia bila betri ya pili ya euro 700 tutakwama njiani. Mimi nawaza, si tunafuata mto unakoshukia? Basi si tutakuwa tunateremka tu? Halafu mdogo wangu anakuja kutoka Dar, anataka kubeba betri ya baiskeli yake kwenye ndege. Inawezekana?

JIBU: Shikamoo mama. Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa hizo euro 700, kwa sababu kwa njia mliyoipanga hamzihitaji. Mnachohitaji ni kuijua vizuri betri ya mzee, na kuiangalia upya siku yenu ya mwisho.

Nianze na huo mteremko, maana wengi wanauhesabia. Passau iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, Vienna kama mita 160. Kati yake kuna kilomita 320 hivi za njia ya baiskeli. Ukigawanya, kila kilomita inashuka chini ya nusu mita. Macho hayauoni mteremko huo wala miguu haiusikii. Nimepiga hesabu kwa mtu, baiskeli na mizigo, jumla kilo 130: nguvu yote utakayopewa bure na mteremko, kuanzia Passau hadi Vienna, ni kama wati-saa 50. Yaani moja ya kumi ya betri yako, kwa safari nzima.

Sababu hasa ya watu kuelekea Vienna badala ya kutoka Vienna ni upepo. Katika bonde lile upepo mwingi huvuma kutoka magharibi. Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kuelezwa hili: jahazi lilisubiri kusi au kaskazi, halikulazimishwa. Baiskeli nayo ni hivyo hivyo. Ukienda kilomita 20 kwa saa bila upepo, hewa inakupiga kifuani kwa mwendo huo wa 20. Upepo wa kilomita 15 ukikujia mbele, hewa inakupiga kwa 35, na nguvu ya kukurudisha nyuma haiongezeki kidogo kidogo, inafika mara tatu. Upepo huohuo ukiwa mgongoni, mota inabaki karibu haina kazi.

Mimi nililijifunza hili kwa miguu yangu. Safari yangu ya kwanza niliianzia Vienna kwenda juu, kwa kuwa tiketi za treni zilikuwa rahisi upande huo. Baada ya mji wa Tulln ni tambarare tupu, mashamba kushoto, mto kulia, hakuna cha kukukinga na upepo wa mbele. Niliweka mota ngazi ya juu, ile inayosaidia miguu zaidi, ili nisichoke. Kioo cha baiskeli kilisema zimebaki kilomita 40. Baada ya nusu saa kikasema 22. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kukitazama. Kilomita kumi na tano za mwisho kabla ya Krems nilizikanyaga bila umeme, baiskeli ya kilo 27 na mikoba miwili kwenye keria, na kila nilipoacha kukanyaga baiskeli ilisimama hapo hapo kama imeshikwa. Tangu siku ile kila anayekuja karakana kuniuliza kuhusu Danube namwambia kwanza atazame upepo, kisha ndiyo atazame betri.

Namba ile ya kilomita zilizobaki pale kwenye kioo si ahadi. Kompyuta inatazama ulivyotumia kilomita chache zilizopita, inadhani utaendelea vivyo hivyo. Hesabu ya kutegemea ni ya wati-saa kwa kilomita. Kwa baiskeli zinazopita mikononi mwangu, zikiwa na mizigo, nakadiria hivi: ngazi ya chini kwenye tambarare bila upepo, 4 hadi 6. Ngazi ya kati, 7 hadi 10. Ngazi ya juu, au upepo wa mbele, 12 na kuendelea, hata 18. Ukikutana na kilima, kila mita 100 za kupanda ongeza 35 hivi. Njia yenu vilima ni vichache, kikubwa zaidi ni kile mtakachopanda wenyewe kwa hiari mkitaka kuiona abasia ya Melk, na ile nakuomba muipande, msiipite.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya ratiba yenu. Passau hadi Schlögen, pale mto unapojikunja kama nyoka, ni kilomita 45 hivi. Schlögen hadi Linz kama 55. Linz hadi Grein kama 60. Grein hadi Melk 50, Melk hadi Krems chini ya 40. Betri yako ya 500, ukichanganya ngazi ya chini na ya kati, inayamaliza hayo yote na inabaki na akiba, mradi mnachaji kila usiku. Hapo hata sina wasiwasi.

Siku ya sita ndiyo yenye kasoro. Krems hadi Vienna ni kilomita 80 hivi kwa mkupuo mmoja. Wewe utafika ukijizuia ngazi ya chini. Mzee hatafika, nami nitakuonyesha kwa nini.

Betri ya miaka sita haina tena wati-saa 400, hata kama kibandiko bado kinasema hivyo. Seli za lithiamu huchakaa kwa matumizi na kwa umri. Usikisie, pima. Nunua mita ya umeme ya kuchomeka ukutani, ile ndogo ya kupima fridji inakula kiasi gani, maduka ya vifaa vya ujenzi wanayo kwa bei ya chakula cha mchana. Mzee aendeshe mpaka betri iishe kabisa, karibu na nyumbani. Ichomeke chaja kwenye mita, mita kwenye soketi, acha ijae mpaka taa izime. Soma namba. Chaja yenyewe inapoteza kidogo kwa joto, kwa hiyo zidisha namba hiyo kwa 0.88. Mita ikisema 450, betri ni nzima, ina kama 400. Ikisema 330, imebaki na kama 290. Kwa umri huo na uzito wa mzee, mimi natarajia kitu cha namna hiyo ya pili.

Na 290 kwa kilomita 80 ni chini ya wati-saa 4 kwa kilomita. Mtu mzito, siku ya sita, miguu imechoka: hapana.

Dawa ni Tulln. Mji uko takriban katikati ya Krems na Vienna, na njia inapita ukingoni pake. Chaja nyingi zinazokuja na baiskeli hizi ni za ampea 4, hiyo imeandikwa chini ya chaja yenyewe. Kwa betri ya volti 36, saa moja inarudisha kama wati-saa 140. Ya ampea 2 inarudisha nusu yake. Kwa hiyo kaeni mle chakula cha mchana kwa saa moja na nusu mahali ambapo mwenye mgahawa amewaruhusu soketi, ombeni kabla ya kuagiza. Msisubiri ijae kabisa, maana chaja hupunguza mwendo betri inapokaribia kujaa, na sehemu ya mwisho inakula muda bure. Kama mna siku ya ziada, laleni Tulln kabisa. Kitanda cha usiku mmoja hakifiki euro 700.

Njiani kabla ya Tulln mtapita Zwentendorf. Hapo kuna kinu cha nyuklia kilichojengwa kikakamilika lakini hakikuwashwa hata siku moja, kwa sababu mwaka 1978 wananchi wa Austria walipiga kura ya kukikataa, kwa tofauti ndogo sana. Umeme mtakaochajia Grein au Melk kuna uwezekano mkubwa umetoka kwenye mto wenyewe. Bwawa la Ybbs-Persenbeug, lililokamilika 1959, mtaliona siku ya nne, na baiskeli zinaruhusiwa kuvuka juu yake. Sisi mafundi mambo haya yanatugusa.

Jambo jingine: kama betri zenu ni za kampuni moja na zinaingia fremu zote mbili, mpe mzee ile ya 500, wewe chukua ya 400. Mzito apewe kubwa. Watu wengi hawalifikirii kwa kuwa kila mmoja anaona betri ni yake. Hakikisha kwanza dukani kwamba mifumo inakubaliana, maana umbo kufanana hakutoshi.

Kuhusu kuendesha: kanyageni kwa mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika, gia nyepesi. Gia nzito kwa mwendo wa polepole huipasha mota moto na kula umeme. Mota ikikata mkifika kilomita 25 kwa saa msidhani imeharibika, sheria ya Ulaya ndiyo inayoikata. Jazeni tairi upepo kabla ya kuondoka kufuata kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi laini inakula betri kimyakimya siku nzima.

Kabla ya safari fundi apime mnyororo na pedi za breki. Mota inakula mnyororo haraka kuliko miguu peke yake. Usiku chajini betri juu ya sakafu ngumu, si kitandani wala juu ya zulia, na kwa chaja yake yenyewe tu. Ikiwa imetoka juani ikiwa ya moto, iacheni ipoe kwanza. Soketi za Austria ni sawa na za Ujerumani. Na ufunguo wa akiba wa betri uwekwe kwenye mkoba wa mwingine, usikae na ule wa kwanza.

Kwenye bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems, tafuteni pantoni ya Spitz kwenda Arnsdorf. Haina injini. Imefungwa kwenye waya uliovutwa juu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, nahodha anaigeuza kidogo ikae mshazari, na maji yenyewe yanaisukuma kuvuka. Nimeivuka mara nne na kila mara nasimama pembeni kuutazama ule waya.

Mdogo wako asibebe betri. Ndege za abiria haziruhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, iwe mkononi au kwenye mizigo, na ya baiskeli ni mara mbili au tatu ya hapo. Wataizuia uwanjani na huenda asiione tena. Aje mikono mitupu, akodi Passau. Mwambieni aombe betri ya 500 au zaidi, na ajaribu urefu wa kiti kabla hajasaini.

Mwisho ni treni. Kurudi Vienna hadi Nürnberg, hakikisheni kwanza kwamba treni mnayoitaka inapokea baiskeli; kwenye treni ya mwendo kasi inayozipokea, kila baiskeli inahitaji nafasi yake iliyolipiwa mapema, na mwezi wa sita nafasi hizo huisha. Kateni sasa, kabla hata ya vyumba. Siku ya kupanda, toeni betri kwenye fremu kwanza, ndipo mnyanyue. Mgongo wa mzee utapunguziwa karibu kilo tatu.