Re: Makoloni ya kijani kwenye TCBS, ndo AHPND tayari?
Habari mkuu, pole na vifo vya kamba. Umepata makoloni ya kijani kwenye TCBS (ile lishe ya maabara ya kuoteshea bakteria wa Vibrio) unauliza kama ndo AHPND, ule ugonjwa wa bakteria unaoharibu ini la kamba. Hapana, kijani inakwambia tu bakteria hatumii sukrosi, Vibrio parahaemolyticus yuko hivyo ila V. vulnificus naye mara nyingi ni hivyohivyo, na parahaemolyticus wengi hawana ile sumu inayoleta AHPND. Cheki kwanza ini la kamba, limepauka na kusinyaa? Halafu piga PCR (kipimo cha kutafuta jeni) ya jeni pirA na pirB zinazotengeneza hiyo sumu, zote mbili, na usichelewe maana zinakaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha pembeni ambacho bakteria anaweza kukipoteza, mimi niliotesha upya mara nyingi ikapotea nikapata majibu hasi nikahangaika wiki nzima. Tumia koloni la mwanzo kabisa, lingine gandisha kwenye gliseroli.