Kabla hujamhamishia mbwa kwenye nyama mbichi, jiulize kwa nini ini hilo ni la bure

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina mbwa wawili jamii ya German Shepherd, dume la miaka minne lenye kilo 30 hivi na mtoto wa miezi mitano. Nilichoka kuwapikia ugali na dagaa kila siku, halafu nikasoma kwamba mbwa ni ndugu wa mbwa mwitu, chakula chake halisi ni nyama mbichi. Kijana wa machinjioni ananiletea mapupu na maini bure, na huu ni mwezi wa pili nawapa hayo tu. Mkubwa anaharisha mara kwa mara, mdogo ameanza kuchechemea. Nyumbani nina mtoto wa miaka mitatu. Je, watazoea? Msomaji, Arusha.

JIBU: Huyo mdogo hatazoea. Mpeleke akaonwe wiki hii, na hadi hapo asirukeruke wala kupanda ngazi.

Mapupu, maini na steki vina fosforasi tele, lakini kalsiamu ni kama hakuna. Mbwa anahitaji kalsiamu angalau sawa na fosforasi, na mtoto anayekua anahitaji kuzidi kidogo. Damu haikubali kupungukiwa kalsiamu, maana moyo na misuli vinaitegemea. Isipopatikana kwenye sahani, inachotwa kwenye mifupa. Kwa mtoto wa jamii kubwa mifupa hiyo inabaki myembamba, inauma, na inaweza kuvunjika kwa mruko mdogo tu.

Sasa wale dagaa uliowachoka. Dagaa huliwa mzima, kichwa na miiba yote, na humo ndimo kalsiamu ilimokuwa. Uliondoa kitu cha maana kuliko vyote kwenye sufuria ile! Mrudishie mdogo leo hii (waoshe vizuri, mchanga ni mwingi), au mpe chakula cha paketi cha watoto wa mbwa wakubwa kama mfuko unaruhusu. Usikimbilie kumjazia unga wa mifupa kwa kukisia, kwani kalsiamu ikizidi nayo hupinda miguu ya watoto wa jamii hii.

La pili ndilo linaloninyima raha zaidi. Buchani ini halikosi mnunuzi, hivyo linapotolewa bure uliza sababu. Likate vipande vyembamba, ulitazame kwenye mwanga. Ukikuta vifuko vyeupe vyenye maji, vingine kama punje ya hindi, vingine kama yai, huenda ndicho kilichomfanya mkaguzi wa nyama alikatae. Vifuko hivyo huwa na watoto wa tegu (mnyoo bapa wa tumboni) mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache. Mbwa akila vibichi, tegu hukua tumboni mwake na yeye haonyeshi dalili yoyote. Mayai hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa huyaingiza mdomoni. Kwa binadamu kifuko huota kwenye ini au mapafu, kikakua miaka mingi kabla hajajua. Kwa wafugaji wa Turkana, Kenya, ugonjwa huu unajulikana sana, na chanzo ni hikihiki: mbwa kurushiwa matumbo na maini mabichi.

Kwa hiyo chemsha. Mapupu na maini yatokote nusu saa nzima. Friza usiitegemee: bakteria wa Salmonela, anayeharisha watu, hafi kwa baridi, analala tu, na mbwa anaweza kumtoa kwenye kinyesi akiwa mzima kabisa. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, mimi sipendekezi nyama mbichi. Na hoja ya mbwa mwitu isikubabaishe. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni (chembe ya urithi) ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Ugali haumdhuru, mradi unga usiwe na ukungu.

Dume lako linaweza kula nyama nyingi ya kupikwa. Kwa kilo zake, gramu 600 hadi 900 kwa siku zinatosha, kutegemea anavyozunguka. Kuharisha kukitulia, anza na robo ya sahani, ongeza polepole kwa siku kumi. Ini lisizidi kipande cha ukubwa wa kiberiti. Kwa kila nusu kilo ya nyama tia nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa kama unga. Mifupa iliyopikwa asipewe, inachanika kama vijiti.

Wote wawili wapewe prazikwanteli, dawa ya tegu, kwa uzito wao. Soma paketi, dawa nyingi za minyoo za dukani hazimgusi tegu huyu. Kinyesi cha siku zinazofuata kifukie shimo refu au kichome, na uvae glavu, kwa sababu dawa inaua tegu lakini mayai yake inayaacha hai.