Mtawa wa leo hajatawa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: mtu anayejitenga na watu maisha yake yote kwa ajili ya ibada huitwaje, na jina hilo limetoka wapi? Najua wengi watajibu "mtawa". Kwa asili ya neno hawajakosea. Kutawa ni kukaa ndani, kutoonekana ovyo. Bibi zetu walisema mwari katawishwa, maana yake haruhusiwi kutoka. Lakini mtawa wa Dar ni sista. Nenda Kariakoo shule zikikaribia kufunguliwa, utamkuta dukani na shela yake kichwani, anavutana na muuzaji bei ya jumla ya madaftari, bajaji inamsubiri nje. Hapo pana kutawa gani?

Wagiriki nao yaliwakuta hayohayo. Monachos, neno lililotuletea "mmonaki" (mtawa wa kiume), lilitokana na monos, yaani peke yake. Katika karne ya 4 mtawa mmoja, Pakomi, akawakusanya wamonaki huko Misri, wakawa wanasali, wanakula na kufanya kazi pamoja. Upweke ukabaki kwenye jina.

Kwa anayeishi peke yake kweli walikuwa na eremites, kutoka eremos: nyika, mahali pasipo watu. Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, aligawa mali ya urithi, kisha akajifungia karibu miaka 20 kwenye ngome iliyohamwa, akiletewa mikate mara mbili tu kwa mwaka.

Uingereza ya Zama za Kati walikuwepo waliojifungia mjini kabisa, ndani ya chumba kilichoshikamana na kanisa. Wengine walisomewa sala za wafu siku ya kuingia. Mmoja wao ni Julian wa Norwich. Cha kuchekesha, watu walimfuata hukohuko kuomba ushauri. Margery Kempe, mwanamke mcha Mungu wa zama hizohizo, alikuwa mmoja wa hao waliomwendea.

Itikafu ya Waislamu naiweka kando. Mtu anakaa msikitini, hasa kumi la mwisho la Ramadhani, Idi ikifika yuko kwake anakula pilau.

Mimi nachagua "mkaapweke", neno ambalo Wakatoliki wanalo tayari. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 603, inamtambua: anaweka ahadi zake hadharani mikononi mwa askofu wa jimbo, na halazimiki kuwa mwanachama wa shirika lolote.

Msomaji wenu, Temeke